Picha Mia Nne, Bibi Arusi Haonekani

Mama Rachida alikuwa anaweka picha mezani moja moja, kama mtu anayegawa karata.

"Papa Hilaire, huyu ni nani?"

"Ni binti yangu, Odile."

"Na huyu?"

"Odile."

"Na mutoto yangu iko wapi?"

Mtoto wake, bibi arusi, alikuwepo. Mbele kabisa, katikati ya picha, na dhahabu zake zote. Lakini alikuwa kama mtu aliyepigwa picha ndani ya moshi wa mkaa. Nyuma yake Odile wangu, ameshika upepeo wa kumpepea, ungeweza kumhesabia kope.

Picha mia nne. Zote hivyo.

Miaka ishirini na sita napiga picha za arusi Kisangani. Siku ile nilitamani ardhi ipasuke.

Tuanze mwanzo.

Mwezi mmoja kabla, kamera mpya ya mafundi wakubwa ilitangazwa huko Ulaya. Sisi wapiga picha tulisongamana mbele ya labo tunakochapisha picha zetu, vichwa vyote juu ya simu ya Désiré. Désiré hana kamera nzuri, ila ana mdomo mzuri.

"Bazee, inapiga foto makumi ine mu seconde moya!"

"Za kazi gani? Mu seconde moya bwana arusi hajafunga hata kinywa."

"Inashika macho ya mutu yenyewe!"

"Na courant, inaishika wapi?" mwingine akadakia.

Tukacheka, maana umeme kwetu ni mgeni. Nami nikaitolea kamera ile hukumu mbele ya wote: "Apareyi ni jicho ya mwenye kuishika. Hii ni kitu ya kudanganya watoto."

Shule niliiacha darasa la sita, lakini mwanga wa saa kumi naujua kuliko mwalimu yeyote.

Nilipofika nyumbani niliitazama video ile mara tatu.

Basi Landry akatua uwanja wa ndege wa Bangboka. Ni kijana wa Lubunga, ng'ambo ya mto, anafanya kazi ya video Ulaya. Alikuja likizo, na shingoni alining'iniza kamera ileile.

Wapiga picha wote walibadili dini. Désiré alimbebea begi. Mimi nilikaa pembeni, nimekunja uso, nameza mate.

Siku moja kabla ya arusi ya Mwanahamisi, binti wa Mama Rachida, Landry akanifuata. Akaninyooshea kamera kwa mikono miwili.

"Papa, nilisikia kesho uko na arusi. Papa, beba hii. Ni heshima kwangu, papa."

Désiré nusura alie. "Sisi ndio rika yake, na anapatia muzee?"

"Ni heshima ya kazi," nikamjibu. "Utaelewa siku moja."

Ndiyo, nilisema hivyo. Na kifua nimekitoa mbele.

Arusini nilikuwa bwana. Kwenye kioo cha kamera kijisanduku cha kijani kiliruka chenyewe hadi kwenye uso wa mtu. Miwani yangu niliiacha nyumbani. Sikutaka waseme mzee ameshika kitu cha vijana. Kwa hiyo nilichoona ni kijani tu. Mwanahamisi amekaa kwenye kiti chake, Odile, rafiki yake tangu shule, nyuma yake akimpepea. Kijani, nabonyeza. Kijani, nabonyeza.

"Hii apareyi inawaza," nilimwambia Désiré.

Sikukosea. Ila sikuuliza inamwaza nani.

Siku ya tatu wanawake wa familia wakakusanyika kutazama picha, kama ilivyo desturi. Ndipo pale tulipoanzia, picha mezani.

"Nilikuita kupiga foto ya mutoto yangu ao ya mutoto yako?" Mama Rachida akaniuliza. "Unatafutia Odile bwana mu arusi ya watu?"

"Mama, ni apareyi…"

"Apareyi iko na binti?"

Wanawake walicheka, na si kicheko cha kirafiki. Mwanahamisi hakucheka. Alikuwa analia kimya, mikono mapajani, hina bado imekolea. Jumamosi alikuwa anahamia Kindu kwa mume wake, na hakuwa na picha hata moja ya kubeba. Na jina langu likizama kwa Mama Rachida, limezama kwa kila mama mwenye binti wa kuozesha katika mtaa ule.

Nilimkuta Landry kwenye labo. Désiré alikuwepo, bila shaka.

"Kitu yako imeharibika! Inaacha bibi arusi, inashika mutu mwingine!"

"Mutu gani, papa?"

"Odile."

Kijana akainama kufunga kamba ya kiatu. Désiré akachukua kamera, akabonyeza huku na huku, akaanza kutabasamu polepole.

"Muzee, haikuharibika. Hii apareyi unaifundisha sura ya mutu. Ukisha kuifundisha, inamutafuta yeye wa kwanza, hata katikati ya watu mia."

Akanigeuzia kioo. Nikavaa miwani.

Ilikuwa imefundishwa sura moja tu. Odile, ndani ya mtumbwi wa kuvukia Lubunga, anacheka. Kicheko ambacho nyumbani sijawahi kukiona.

"Papa, nilikuwa natafuta njia ya kukuambia," Landry akasema.

"Lubunga alienda kufanya nini?"

"Kusalimia mama yangu."

Nikarudi nyumbani nachemka. Mke wangu Josée alikuwa anachambua pondu, majani ya muhogo. Nikamweleza yote. Hakuinua hata kichwa.

"Iko shida gani? Banaandikiana tangu Noeli."

Kwa hiyo mama wa binti alijua. Mama wa kijana alijua. Kamera ilijua. Mimi, mwenye jicho, ndiye sikujua.

Kesho yake nikaenda kwa Mama Rachida, nikavua kofia, nikasema ukweli wote mbele ya wanawake walewale. Hata habari ya miwani. Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Mama Rachida akamgeukia binti yake.

"Mwanahamisi, vaa tena nguo ya arusi."

Nilipiga kwa kamera yangu ya zamani, miwani usoni. Landry alishika shuka jeupe la kurudisha mwanga, juani, saa mbili nzima, na hakuthubutu kukaa. Odile alifungiwa jikoni kwa amri ya Mama Rachida. Jumamosi Mwanahamisi alipanda ndege na picha zake begini, kila ua la hina linaonekana.

Wazee wa Landry wanakuja kuposa wiki ijayo. Désiré keshaomba kazi ya kupiga picha.

Ndugu zangu, mtu akikuazimisha chombo, muulize kwanza amekifundisha nini. Na ninyi wababa wenzangu: kijana akikunyooshea kitu cha thamani kwa mikono miwili, akakuita papa mara tatu kwa pumzi moja, acha kutazama kitu.

Hesabu mabinti zako.