Jina Lisilotajwa Tena

Karani wetu wa usajili katika kituo cha mafunzo hapa Likombe hunong'ona kila jina kabla ya kuliingiza kwenye Excel, macho yamelegea kama anayebembeleza mtoto. Mistari hushuka kwenye kioo kama matuta ya mihogo, nami kwenye meza ya pili husinzia kwa sauti hiyo. Juzi alikuta wasichana wawili wa darasa la cherehani wenye simu moja na tarehe moja ya kuzaliwa. Wakifanana hivyo wote hukatwa kwenye orodha, kwa hiyo akaipigia namba hiyo.

“Ni mimi mmoja,” msichana akajibu. “Hilo jingine ni jina la utotoni, lilitoka shuleni. Nimeshachezwa unyago na kupewa jina jipya, dada. Usilitaje tena.”

“Nisamehe, mdogo wangu.”

Akaurudia mstari wa jina la utotoni, akautazama kidogo. Kisha akaufuta, midomo ameifumba.