Pijo Iliyogawanywa Kama Ng'ombe wa Matanga

Ukoo ule ulinikasirisha na bado unanikasirisha, ingawa gari lenyewe halikuwa langu. Ni la Naliaka, jirani yangu hapa Shieywe, mwalimu wa hesabu siku za kazi na mtu wa kulala chini ya magari kila Jumamosi. Wenzake hupaka kucha rangi. Za Naliaka zina grisi, na hajali anayemtazama.

Mapenzi hayo ya magari aliyarithi kwa baba yake, mzee Wangila, aliyestaafu karakana ya kiwanda cha sukari. Mzee alinunua Pijo ya zamani, ya dizeli, imeoza mpaka majani yanamea sakafuni. Wakaifufua wawili, mzee akichomelea, binti akipiga msasa. Injini waliifungua na kuipanga upya juu ya gunia, mbele ya nyumba yao kule Khayega. Siku ilipowaka mzee alilia wazi wazi, akasema mbele ya ndugu zake kwamba gari ni la Naliaka.

Kisha mzee akafa. Siku ya kunyoa nywele, baada ya mazishi, ukoo ulikaa kugawa vitu vya marehemu. Aliyeongoza ni Protus, mdogo wake. Naliaka alipotaja neno la baba yake, Protus alimkata kauli.

"Msichana hapewangi gari. Ukiolewa itaenda kwa watu wengine."

Lakini hakuna aliyekubali mwenzake alichukue zima. Basi wakafanya ujinga ambao siwezi kuusimulia nikiwa nimekaa. Waligawa gari jinsi wanavyogawa ng'ombe wa matanga, kila mtu na fungu lake kwa ukaribu wake na marehemu. Protus alichukua injini, akaifunga kwenye mashine yake ya kusaga mahindi. Mwingine alibeba magurudumu akaunda mkokoteni. Viti vikaenda sebuleni kwa shangazi. Naliaka aliachiwa bodi, ganda tupu la gari, kama watoto wanavyoachiwa kwato.

Aliipandisha bodi hiyo kwenye lori la miwa, akaileta hapa. Kidogo kidogo akaipiga puti kuziba mashimo, akaipaka rangi ya maziwa, akatafuta magurudumu, akashonesha viti. Ikawa inametameta, watu wa bodaboda wanasimama kupiga picha. Injini tu ndiyo aliyokataa kununua.

"Nataka ile tulifungua na baba," aliniambia.

Mwezi uliopita Protus akaja, amevaa suti na tabasamu. Binti yake Wendy alikuwa anaolewa.

"Mama, nimeona gari kwa simu," akamwambia Naliaka. "Imependeza. Tunataka ibebe bibi harusi."

Naliaka akainua boneti. Pale pa injini kulikuwa na majani makavu, na kuku ameatamia.

"Injini iko kwako, baba mdogo."

Nilidhani ataona aibu. Aibu gani? Alimtazama kuku, akakuna kidevu, akapata jibu.

"Hiyo si shida. Nitaileta Ijumaa, uifunge. Harusi ikiisha, Jumatatu fundi anaitoa, mashine yangu isikae bure."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na kikombe cha chai, na nusura nimmwagie. Mtu mzima anataka afungiwe na kufunguliwa kazi ya marehemu kaka yake kama kamba ya mbuzi. Naliaka hakupandisha sauti. Alishusha boneti polepole, kuku asishtuke.

"Baba mdogo, mliichinja mara moja nikiangalia. Sasa mnataka mchinje tena, na mimi niwashikie miguu?"

"Wendy ni dada yako," Protus akasema, na tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Ni dada yangu. Akiuliza kwa nini anaenda kanisani na miguu, mwambie injini inasaga mahindi ya nani."