Kilima cha Toba

Sisi tuliokulia Kilombero miaka ya tisini, ukituambia gofu ni mchezo wa kupumzika, tutakutazama tu. Kwenye shamba la miwa alikofanya kazi baba, wazungu waliotangulia walikuwa na bonde zima, tambarare kama meza, lakini tambarare ilikuwa ya miwa. Starehe yao ya gofu wakaipeleka mlimani.

Shimo la kwanza liliteremka hadi kijitoni. La pili na la tatu yalivuka kijito hichohicho, na mipira iliyozama humo ilitosha kufugwa kama samaki. La tano lilipanda kilima moja kwa moja. Ukikosea, mpira ulirudi hadi miguuni pako. Wafanyakazi, wengi Wakatoliki wa kutoka Mahenge, walikiita kilima hicho Toba, maana wakubwa walikipanda wameinamisha vichwa. Sisi watoto tulicheza gofu yetu pembeni kwa fimbo za mpera na ndimu changa, harufu ya molasi ikitujia kutoka kiwandani.

Njia ya kwenda zahanati ilikatiza Toba tangu kabla uwanja haujakuwepo. Siku za mashindano ilifungwa kwa kamba.

Jumamosi moja ya masika shangazi Anjela alishikwa na uchungu. Barabara ya kuzunguka ilikuwa imejaa maji. Mama na majirani watatu wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakakibeba. Mimi nikafuata na beseni na khanga. Uwanjani tukamkuta mlinzi, Mzee Hamisi.

"Shikamoo, baba," mama akasema.

"Marahaba. Leo hapapitiki, binti yangu. Kuna wageni kutoka Morogoro."

"Na huyu naye ni mgeni, yuko njiani. Nimwambie asubiri mashimo yaishe?"

Mzee Hamisi alikitazama kitanda, akawatazama wakubwa kule juu, kisha akainua kamba.

Tuliwakuta wageni katikati ya Toba wamekaa chini wanahema, ingawa mifuko yao ilibebwa na watu wengine. Wanawake wanne wakawapita na kitanda bila kutua. Meneja wa shamba, aliyekuwa nao, alivua kofia.

"Hawa hawachoki?" mgeni mmoja akauliza.

Shangazi akajibu palepale kitandani, "Tutachoka tukifika."

Alijifungua salama, mtoto wa kiume. Hofu yetu ikabaki kwa Mzee Hamisi, kwamba angefukuzwa. Jumatatu meneja alimwita ofisini, naye akarudi anacheka. Njia isifungwe tena, aliambiwa. Wageni walikuwa wameomba mashindano yajayo yafanyike kwingine, mahali pa tambarare.

Siku hizi pale Toba pamejengwa nyumba, na wenyewe hupanda kwa bodaboda. Mwanangu naye anacheza gofu kwenye simu, amelala kwenye kochi, anapanda vilima kwa kidole gumba na bado analalamika kuchoka. Juzi niliinama kuutazama uwanja wake. Majani mabichi, vilima vizuri, bendera zinapepea. Nikamuuliza watu wa huko wanapita wapi.

"Hakuna watu, mama," akasema. "Ni uwanja tu."