Kumsomea Mwanamke wa Magunia

Jela ya wanawake ina vyeo vyake, kama kanisa tu. Juu kabisa wako waliowaua waume zao, na mimi nilikuwa huko juu. Chini yao wako wezi, wapika pombe ya chang'aa na wale waliokula pesa za chama. Chini ya wote, hata chini ya kunguni, yuko aliyemuua mtoto. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo. Ukiingia unaikuta, na ukikaa kidogo unaanza kuitetea.

Mimi niliingia kwa ajili ya mafuta. Nilikuwa nakaanga chipsi na samaki kando ya barabara pale mtaani Rhonda, na mume wangu alikuwa na tabia ya kuja jioni kunipiga mbele ya wateja, ili wote wajue kibanda ni cha nani. Aliwahi kunivunja mkono. Aliwahi kunipasua mdomo na kichupa cha pilipili. Siku aliyonipiga teke la tumbo akijua nina mimba, nilichukua sufuria iliyokuwa motoni nikammwagia usoni, na akafia hospitalini. Padre huniuliza kama najuta. Mimi humjibu kwamba najutia yale mafuta, kwa sababu yalikuwa mapya. Naye hufunga Biblia yake na kwenda kwa mwingine. Binti yangu alizaliwa nikiwa nimeshafungwa, nikamlea humo wodini, mgongoni mwangu.

Kisha akaja yule wa magunia. Alikuwa mwembamba, mtu wa upande wa Rongai, na habari zake zilifika kabla yake, maana ukuta wa jela hauzuii maneno. Tulisikia kwamba alijifungua ghalani, akamziba mtoto pumzi, akamwacha nyuma ya magunia ya mahindi. Basi tulimkaribisha jinsi watu wa aina yake wanavyokaribishwa. Milango ilipofungwa, nyapara wa wodi, yaani mfungwa aliyepewa kazi ya kutusimamia, alituonyesha kwa kidevu, nasi tukamshukia kwa vikombe vya bati na ngumi. Mimi nilipiga kuliko wote. Mtoto nilikuwa nimembeba mgongoni, na kila nilipoinama kupiga, naye aliinama nami. Yule mwanamke alipasuka juu ya jicho, damu ikamjaa mdomoni. Hakulia hata kidogo, na hilo lilituudhi zaidi.

Alipigwa tena na tena baada ya hapo. Askari wakimuuliza, alisema ameanguka bafuni. Asubuhi moja nilimwona chooni akikojoa damu, ameshika ukuta kwa mikono miwili, nikajua waziwazi kwamba tukiendelea hivi tutamuua. Sikumwambia mtu. Nyani haoni kundule, na sisi tulikuwa wodi nzima ya nyani.

Kila Jumatano alikuja mwalimu mmoja mstaafu kutufundisha kuandika hadithi za maisha yetu. Alikuwa mama wa rika la mama yangu, mwenye viatu vya kanisani na ulimi mkali. Mwanzoni tulimwandikia upuzi. Sisi tulikuwa tumezoea kujieleza kwa polisi na kwa hakimu, kwa hivyo kila mtu aliandika kana kwamba yuko kituoni. Mmoja aliandika kuhusu harusi yake hivi: "Mwendo wa saa nne asubuhi, mshukiwa, ambaye ni mume wangu, alifika kanisani akiandamana na watu wengine wasiojulikana." Tulicheka hadi askari akachungulia. Na kila mahali palipomwagika damu, tuliandika kwamba shetani alitupitia. Mwalimu alisoma karatasi zote, akavua miwani.

"Nimeuliza pale ofisini," akasema. "Wameniambia huyo shetani hajawahi kufungwa hapa. Kwa hivyo kila mtu aandike mkono ulikuwa wa nani."

Utaratibu wake mwingine ndio ulioniletea balaa. Hadithi yako hukuisoma wewe, wala hakuisoma rafiki yako. Ilisomwa na mtu asiyekupenda, mbele ya wote, akisema maneno yako kana kwamba ni yake, bila kuruka hata mstari. Mwalimu alisema mwenye hadithi atalia, na rafiki atapunguza makali, lakini adui atasoma kilichoandikwa.

Zamu ya yule wa magunia ilipofika, mwalimu alimwonyesha kwa mkono. "Huyu, nani hampendi?"

Ukumbi wote uliinua mikono. Wangu ulikuwa juu kuliko mingine, kiherehere changu.

"Basi njoo wewe, Mama Mtoto," akasema, kwa maana hilo ndilo jina nililoitwa na kila mtu.

Nikasimama, mtoto kiunoni, karatasi mkononi. Nilikuwa nimepanga kusoma kwa sauti ya dharau ili watu wacheke. Nikaanza.

"Mimi niliishi kwa dada yangu. Mume wake ndiye aliyenisomesha hadi darasa la nane, halafu akasema sasa nimekuwa mkubwa, nijue shukrani. Alikuwa ananifuata ghalani. Tumbo lilipoonekana, alinikokota kwa nywele hadi nyuma ya boma la ng'ombe, akaniwekea panga shingoni. Alisema, huyo mtoto akilia hapa na dada yako asikie, nitawazika wawili kwa shimo moja. Nilimwamini, kwa sababu nilishamwona akimkatakata mbwa aliyekula mayai."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Sauti yangu ya dharau ilikuwa imeshaniponyoka, na sikujua ilipoenda.

"Uchungu ulinishika siku ya kupukuchua mahindi. Nilimshukuru Mungu, kwa sababu ile mashine ina kelele nyingi, ukipiga nduru karibu nayo hakuna atakayekusikia. Niliingia nyuma ya magunia nikajifungua peke yangu, nikilia kwa sauti yote. Mtoto akatoka akilia. Alikuwa msichana. Alikuwa na sauti nzuri. Kisha mashine ikaishiwa na dizeli, ikanyamaza. Nilimsikia shemeji nje ya mlango akiuliza dizeli iko wapi. Niliweka mkono kwa mdomo wa mtoto. Nilisema moyoni, mashine ikiwaka tu, nitautoa. Walikawia kuleta dizeli. Mashine ilipowaka, nikautoa."

Binti yangu alikuwa ananivuta sikio, nikamwacha avute. Nilidhani nimemaliza, lakini karatasi ilikuwa na upande wa pili.

"Hapa jela pia napigwa. Mlango ukifungwa, nyapara husema, huyo ni wenu. Anayenipiga zaidi ni yule mama wa mtoto. Nikiwa chini huwa namwangalia mtoto wake. Leso huwa imelegea. Siku ya kwanza nilitaka kumwambia aifunge vizuri, mtoto asianguke, lakini mdomo wangu ulikuwa na damu."

Hapo nilikwama. Niliona aibu, na aibu ikageuka hasira, nikatamani kumrukia papo hapo kwa kuniandika. Mwandishi mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa mbele akitazama sakafu.

"Haturuki," mwalimu akaniambia.

Nikayasoma tena maneno hayo tangu mwanzo wa ukurasa, kwa sauti, hadi mwisho. Askari aliyekuwa mlangoni alimtazama nyapara kwa muda mrefu, kisha akaandamana na mwalimu kuelekea ofisini.

Sisi hufungiwa jua likiwa bado juu. Siku hiyo kufuli ilipolia tu, nyapara alivua kandambili, akaokota kikombe chake. Alikuwa na wenzake watatu, wanawake wenye mabega mapana. Yule wa magunia alikuwa ameketi kwenye kona yake, karibu na godoro langu. Hakukimbia, na hakukuwa na pa kukimbilia.

"Leo umeniandika," nyapara akamwambia. "Sasa watu wa ofisi wananiita kesho asubuhi. Hiyo mdomo yako imelala miezi yote, leo ndio imejua kuongea? Leo utatoka hapa umebebwa." Akanigeukia. "Mama Mtoto, anza wewe. Hata wewe amekuanika."

"Mimi leo sipigi, mathe."

"Ati?"

"Sipigi. Na hakuna mwenye atampiga."

Watu wakidhani nilisema hivyo kwa wema, wananisifu bure. Nilikuwa nasikia ile mashine kichwani tangu ukumbini, na nilitaka kumpiga mtu ili inyamaze, mtu yeyote isipokuwa huyo. Niliogopa pia. Wale wanne niliwajua, maana nilikuwa nimepiga pamoja nao.

"Basi mtabebwa wawili," nyapara akasema.

Huwezi kupigana na mtoto mikononi. Niliangaza macho nikitafuta wa kumpa, na wodi nzima ikatazama ukutani. Nikamgeukia yule aliyekuwa kwenye kona.

"Shika huyu."

Alificha mikono nyuma ya mgongo. "Usinipe. Tafadhali, mama. Mpe mtu mwingine."

"Watu wengine ndio hao wanakuja na vikombe. Shika."

Akatikisa kichwa, mikono bado nyuma. Sikuwa na muda wa kumbembeleza. Nilimweka mtoto mapajani mwake nikageuka, na kikombe cha nyapara kikanipata mdomoni. Nilitema jino. Nilimshika nyapara masikio yote mawili nikampiga kichwa cha pua, nikasikia mfupa wake ukivunjika, na nikafurahi. Wengine wakanivuta miguu. Nilianguka, wakanikanyaga mbavu, mkono, kichwa. Mmoja aliniuma bega. Nilimng'ata mwingine kidole hadi nikaonja damu yake, na sikuachia hata aliponikwaruza macho. Nilipigana kama nilivyopaswa kupigana Rhonda mapema zaidi, kabla ya ile sufuria.

Mtoto alianza kulia. Kwanza alilia kwa woga, kisha kwa nguvu zake zote, kilio kile cha mtoto anayeona mama yake akikanyagwa. Nyapara alinyanyua uso wake uliojaa damu.

"Nyamazisha hiyo kitoto!" akafoka. "Askari watasikia! Ziba mdomo!"

Nikiwa chini, kati ya miguu yao, nilimwona yule mwanamke. Mikono ilikuwa imetoka nyuma ya mgongo. Alikuwa amemshika binti yangu kwapani, amemwinua juu mbali na kifua chake, uso ukielekea dirishani, vidole vyake vikiwa mbali kabisa na mdomo wa mtoto. Machozi na kamasi vilikuwa vikimtiririka.

"Lia," alikuwa anamwambia. "Lia, mama. Lia sana. Lia wasikie."

Walisikia. Kufuli ilifunguliwa, marungu yakaingia, yakatupiga sote bila kuuliza nani ni nani. Nilipoweza kukaa nikanyoosha mkono nimchukue mtoto wangu. Sauti ilikuwa imemkauka, amebaki na kwikwi tu, na yule mwanamke alikuwa bado amemwinua pale dirishani, akimsihi aendelee kulia.