Mafuta ya Bi Arafa

"Chupa ya kabati la juu haiguswi! Nimesema mara ngapi?"

Bi Arafa alikuwa akimfokea mkwe wake, Naima, mbele ya wateja, katika duka lake la vitenge mjini Benaco. Wanawake wakajifanya wanachagua rangi.

"Mama, jirani Genoveva aliomba kidogo tu, ampake binti yake Kaneza, anaolewa. Nikaona marashi ni marashi."

"Marashi ni marashi! Basi na sanda ni nguo, kamshonee gauni!"

Arafa hakuambiwa na mtu kwamba chupa imeguswa. Bibi harusi alipita dukani akitoka kanisani, na harufu ikamfika kabla ya salamu. Yalikuwa mafuta ya udi ya nyanya yake, yaliyotoka Tanga zamani, mazito kama asali. Siku hizi huyapati hata kwa dawa. Kwao hupakwa maiti akishaoshwa, basi. Mama yake alipakwa, dada yake pia. Yaliyobaki yalikuwa ya Arafa mwenyewe. Mzima akiyavaa, walisema, amejitangulizia kifo.

Nje wingu lilikuwa limelalia migomba. Kaneza alishapakiwa kwenye pikipiki kwenda Keza kwa mumewe, na simu yake haipatikani.

Genoveva akaingia anacheka. "Shikamoo, Bi Arafa. Kanisa zima liligeuka! Mwanzo yananukia gome bichi, halafu waridi, halafu kama nguo ya mama iliyokaa sandukuni. Nililia, dada yangu."

Miaka yote Arafa aliijua harufu ile pamoja na vilio. Hakuwahi kuinusa kwa raha. Angemwambiaje mama wa watu? Mvua ikaanza kupiga bati.

"Mpigie tena," akamwambia Naima.

Haipatikani. Haipatikani. Kisha simu ikaita, na sauti ya Kaneza ikatoka inatetemeka: wameteleza darajani, lori limepita pembeni yao hivi, karibu liwasage. Wamefika. Wazima.

Genoveva akaketi chini puu, akafanya ishara ya msalaba. Alipopata pumzi akasema, "Na mafuta yako, dada, nitakulipa nini? Yale hayanunuliki."

"Hunidai, sikudai," Arafa akamkata. "Nimekusamehe. Ila mwambie mwanao akaoge. Sasa hivi. Na asibakize hata nyuma ya masikio."