Kadi Iliyokosa Nafasi Kamunyonge

Pelagia alistaafu kufundisha jiografia, lakini kusahihisha hakustaafu. Mtangazaji akikosea jina la mto, anamjibu redioni. Padri akikosea tarehe kwenye matangazo, anamsubiri mlangoni. Basi siku mama mmoja wa kwaya alipomwambia, mbele ya genge la nyanya pale mtaani kwake Kamunyonge, kwamba "yule mtoto wenu wa Bunda anauzaga bati anaita kompyuta," Pelagia alirudisha nyanya alizokuwa ameshika, akaaga kwa adabu, akaenda nyumbani bila mboga.

Mtoto mwenyewe ni Evance, kijana wa shemeji yake Baltazar wa Butiama. Evance alikuwa amefungua duka la kompyuta na vipuri vilivyotumika mjini Bunda, na mteja wake wa kwanza katika ukoo alikuwa Pelagia. Tangu astaafu, Pelagia alikuwa akihariri video za jubilei na za kuaga mabinti, nyumbani kwake, kwenye kompyuta aliyoachiwa na marehemu mumewe, Rafaeli. Mashine ilikuwa imeanza kuchoka. Kwaya ya Kiriba ikiimba, midomo ilifunguka kwanza, sauti ikafuata nyuma kama mtu aliyechelewa ibada. Evance akamletea kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachoisaidia kompyuta kuchora kila kinachoonekana kwenye skrini, na ilikuwa kadi yenye nguvu.

Aliyekuja kuifunga ni fundi Stanslaus wa Musoma mjini, aliyepata kuwa mwanafunzi wa Pelagia. Kadi ikagoma. Stanslaus akaichomoa, akaifuta, akairudisha, akaweka upya programu yake, ikagoma vilevile. "Mwalimu, umepigwa," akasema. "Hii imekufa." Na kwa kuwa Stanslaus hawezi kula neno peke yake, jioni ileile neno lilifika kijiweni, na Jumapili likatoka kanisani pamoja na watu.

Lingeweza kupita kama maneno mengine, kama si Dorotea. Huyu alikuwa mkuu wa sekondari moja ya Guta, amefundisha na Pelagia miaka mingi, na alikuwa amekwisha kumwahidi Evance kwamba kompyuta za chumba kizima cha wanafunzi atazinunua kwake. Akapiga simu.

"Mwenzangu, unanijua, mimi sizunguki. Nasikia kijana wenu amekuuzia kitu kibovu wewe mwenyewe, mama yake mkubwa. Bodi ya shule ikiniuliza, nitajibu nini?"

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa kila mtu."

"Kila mtu hajaiona hiyo kadi. Subiri mpaka Jumamosi. Na Jumamosi uje mwenyewe, usitume mtu."

Pelagia akaweka simu mezani. Alijua kwamba kama kijana ameuza kibovu, yeye ndiye atakayemshika mkono ampeleke kwa Dorotea kuomba radhi. Jina la ukoo halisafishwi kwa kufunikwa. Lakini pia halitupwi jalalani kwa sababu fundi mmoja amekunja uso. Akavaa miwani, akawasha mashine, akafungua ukurasa unaoonyesha vifaa vyote vya kompyuta. Kadi ilikuwapo, kwa jina lake kamili, na alama ya njano ya mshangao pembeni. Maelezo yalikuwa kwa Kiingereza, naye akayasoma kama alivyowafundisha watoto kusoma swali la mtihani, neno kwa neno, kabla ya kukimbilia jibu. Kosa namba kumi na mbili: kifaa hiki hakipati rasilimali za kutosha, ukitaka kukitumia, itabidi uzime kifaa kingine.

Akampigia Stanslaus.

"Ulisoma yale maandishi?"

"Mwalimu, yale ni ya kawaida tu. Kitu kikifa kinaandikaga mambo mengi."

"Maiti haiombi chakula, Stanslaus. Hii kadi inalia haina pa kukaa. Aliyekufa anaulizaje kiti?"

Stanslaus akacheka chini chini. "Mwalimu, hata darasani ulikuwaga hivyohivyo."

Sasa kiti kimekaliwa na nani? Jibu lilikuwa palepale kwenye ukurasa, mstari wa juu yake: kadi nyingine ya picha, ya zamani. Ilikuwa ya Rafaeli. Marehemu alikuwa mchora ramani za viwanja, na alipenda kufanya kazi na skrini mbili, moja ya ramani na moja ya vipimo. Ile kadi aliifunga mwenyewe kwa ajili hiyo. Stanslaus aliiona, lakini kabla hajashika bisibisi Pelagia alikuwa amemwambia, kama alivyomwambia kila fundi aliyewahi kuifungua mashine hiyo, kwamba vya marehemu visiguswe. Ndipo kadi mpya ikawekwa ubavuni mwa ile ya zamani, kama mpangaji aliyeletwa kwenye chumba chenye mtu.

Pelagia alijaribu kuizima ile ya zamani kwa kubofya tu, bila kuishika. Ilizimika. Akawasha upya mashine, kosa lilelile. Kadi ilikuwa imelala, lakini kitanda haijakiachia. Ilibidi itoke.

Hapo mambo yakawa ya ukoo. Vitu vya Rafaeli viligawiwa Butiama baada ya misa ya mwaka, mbele ya ndugu: makoti, redio, baiskeli. Kompyuta alipewa mjane, na hakuna aliyezungumzia kilichomo ndani yake. Mjane anayeng'oa kitu cha mumewe kimyakimya huzaa neno jipya, na Pelagia alikuwa ametosheka na hilo moja. Akampigia Baltazar.

"Shemeji, kuna kitu cha kaka yako kimo ndani ya mashine. Kinatakiwa kutoka, na mimi sikitoi bila ninyi."

"Kitu gani? Hirizi?"

"Baltazar!"

"Nauliza tu, shemeji. Nakuja."

Jumamosi mchana sebule ya Kamunyonge ilijaa. Baltazar alikuja na koti lake la vikao, Dorotea na mkoba wake wa shule, Evance na kofia ambayo hakuivua mpaka baba yake alipomtazama. Stanslaus alifika wa mwisho, akakaa karibu na mlango. Pelagia aliwalisha kwanza ugali wa muhogo na sato, kwa sababu kesi haisikilizwi na wenye njaa. Evance alikuwa akimega na kuacha.

"Kula," Baltazar akamwambia. "Ukifungwa utaujutia huo mkia."

"Mama mkubwa," Evance akasema, "mimi kadi niliijaribu dukani. Ilikuwa inafanya kazi."

"Sijakuuliza, mwanangu. Nawa mikono."

Akasimama kando ya meza kama aliyesimama mbele ya ubao. Akawaeleza habari ya kiti kimoja na wapangaji wawili. "Kadi ya Rafaeli ikitoka, picha ikaja, basi kadi ya Evance ni nzima. Skrini ikibaki nyeusi, nitapita mimi mwenyewe nyumba kwa nyumba kusema kijana wetu ameniuzia kibovu. Baltazar, useme la ukoo."

Baltazar akakohoa. "Tulipokupa mashine, shemeji, hatukusema tunakupa ngozi tu. Kwetu ukipewa ng'ombe mwenye mimba, ndama anayezaliwa nani atakuja kumdai? Toa."

Pelagia akazima umeme, akachukua bisibisi yeye mwenyewe. Kadi ilitoka na vumbi la miaka. Aliifuta kwa pindo la kitenge, hakufanya haraka, akamkabidhi Baltazar kwa mikono miwili. Stanslaus akasogea kumsaidia kurudisha nyaya. Pelagia akabonyeza. Taa ikawaka, feni ikavuma. Skrini nyeusi.

Wakasubiri. Skrini nyeusi tii.

"Si nilisema?" Stanslaus akauliza.

Evance alifumba macho. Dorotea alishika mkoba wake kama mtu anayeinuka. Pelagia aliinama nyuma ya mashine.

"Stanslaus, waya wa skrini umeuchomeka wapi?"

"Palepale kwenye tundu la mashine yenyewe, Mwalimu, panapochomekwaga."

"Na picha inachorwa na nani sasa?"

Pelagia aliuchomoa waya, akauchomeka kwenye kadi ya Evance.

Skrini ikafunguka kama dirisha. Alama ya njano haikuwapo tena. Dorotea akasogea, akavaa miwani, akasoma mwenyewe kwa sauti kwamba kifaa kinafanya kazi sawasawa, akasoma mara ya pili. Pelagia akaiwasha video ya Kiriba. Midomo ikafunguka na sauti ikatoka papo hapo, besi, teno, soprano, wote wamefika pamoja. Na Dorotea, ambaye wanafunzi wake hawajawahi kumwona akicheka, akapiga kigelegele mpaka jirani akaja uani kuuliza nani ameposwa.

"Kumbe mwanangu si mwizi!" Baltazar akasema.

"Baba, ulidhani mimi mwizi?"

"Jana tu. Kidogo."

"Evance," Dorotea akasema, "Jumatatu uje shuleni upime chumba. Nyaya usilete fupi." Evance aliitikia, akavuta sahani yake aliyokuwa ameiacha, akaanza kula.

Stanslaus alibaki akikunja bisibisi kwenye kitambaa. "Mwalimu, nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini samahani ya sebuleni inanisaidia nini? Neno ulilitoa kijiweni likafika kanisani. Kalirudishe lilikofika."

Kesho yake baada ya misa, watu wakiwa bado wanasalimiana uwanjani, Stanslaus alisimama kwenye ngazi. Akasema kadi aliyouza Evance ni nzima, na kwamba kosa lilikuwa lake yeye fundi, hakusoma maandishi yaliyokuwa mbele ya macho yake. Pelagia alikuwa amesimama chini, kitenge kimenyooka, mkoba mkononi.

"Na duka lenyewe liko wapi?" akauliza.

"Bunda, Mwalimu."

"Hawajasikia kule nyuma."

"Bunda!" Stanslaus akapaza sauti, na watu wakacheka, na wawili watatu wakauliza ni mtaa gani.