Mama Mujibu na Homa ya Kupumzika

Kabla hajashika chuma, Sikuzani Hamudi anachota kiganja cha vumbi na kulirusha hewani. Ni saa moja na nusu asubuhi mjini Newala, ukungu bado umelala barabarani. Anatazama vumbi linakoelekea, kisha anahamia upande wa pili wa kazi yake, upepo umpige mgongoni. Ndipo anawasha grenda, mashine ya kusagia chuma.

"Leo unapiga ramli?" anamchokoza Fikirini, muuza betri wa duka la jirani, ambaye tayari amekalia benchi la wateja na kikombe mkononi.

"Napigia mapafu yangu. Ya kwako yapigie mwenyewe."

Benchi zima linaangua kicheko. Kwa Mama Mujibu, kama wengi wanavyomwita, benchi halikai tupu. Nani kaposwa Masasi, nani kagombana na shemeji yake Mnyambe, yote hupita hapa kabla hayajawafikia wenyewe.

Ana miaka arobaini na miwili, na kumi na mitano kati ya hiyo ameitumia kuchomelea. Huku juu maji ni ya kuvizia mvua, kwa hiyo kila anayejenga anataka kichanja cha kuwekea tenki. Na anataka cha mabomba yaliyopakwa zinki, yasiyoshika kutu.

Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe. Ukiuvuta mchana, jioni mdomo una ladha ya sarafu, na usiku unatetemeka kama mwenye malaria. Asubuhi umepona. Mafundi wanajua na jambo jingine: homa hiyo humwandama zaidi aliyetoka mapumzikoni. Anayechomelea kila siku, homa humkwepa.

Hapo ndipo Sikuzani alipopotea njia.

"Nikasema, kumbe dawa ni kutopumzika," anasimulia. "Miaka mitatu sikufunga hata Ijumaa moja. Sikukuu ya Idi nimetoka kuswali, nimevua baibui, nimeunga mabomba mawili matatu ili mwili usisahau. Jioni nakunywa maziwa yangu, naosha kifua. Najiona mjanja!"

Homa kweli haikurudi. Iliyoanza kuondoka ni pumzi.

Mwaka jana alikwenda msibani Chilangala. Kutoka barabarani hadi nyumba ya marehemu ni mwendo mfupi tu, lakini alishindwa kuumaliza. Akakaa kwenye gogo, anahema. Wenzake wakadhani analia, wakambembeleza.

Hospitalini alipuliza kwenye kipimo cha pumzi. Akaambiwa amepata asilimia sitini na nane ya kiwango cha mwanamke wa umri na kimo chake, na kwamba akiendelea vile, kazi itamwacha kabla yeye hajaiacha.

Aliyemfafanulia ni Shamila, mtoto wa dada yake, anayefanya kazi katika maabara ya chuo kikuu. Alikuja likizo, akaikuta hadithi ya kukwepa homa ikisimuliwa benchini kwa majigambo.

"Mama mdogo, hapo hujazoea," alimwambia. "Hapo seli zako zinafagia."

Akaeleza kwamba moshi ule ni chembe za madini ndogo mno. Ukipanga elfu moja mstari mmoja, hazifikishi upana wa unywele. Zikiingia kwenye seli, seli inashtuka na kuanza usafi: inafunga uchafu na vilivyoharibika ndani ya vifuko, inavisaga, na kinachofaa inakitumia tena.

"Kwa hiyo moshi wenyewe ndio unaoamsha wafagiaji?" Sikuzani aliuliza.

"Ndiyo. Ila ukimwaga uchafu kila siku, vifuko vinajaa, na seli yenyewe inaumia. Haya tumeyaona kwenye seli za maabara, mama. Mwili mzima bado unachunguzwa. Lakini wewe huwapi nafasi hata ya kumaliza chumba kimoja."

"Na maziwa?"

"Yanakwenda tumboni. Moshi uko kifuani."



Sikuzani alifunga kazi wiki tatu, pumzi ikamrudia kidogo. Jumatatu aliyorudi, bomba moja tu la zinki, na usiku homa ikampiga mpaka kitanda kikalia. Asubuhi fundi mwenzake, Khalidi, alikuwa mlangoni.

"Si tulikwambia? Nani alikutuma upumzike?"

Anakiri kwamba nusura arudie mtindo wake wa zamani. "Kisha nikawaza, homa ile inanipa habari kwamba moshi umeingia. Miaka mitatu najisifu kwa kuwa sipati habari."

Sasa huvaa barakoa, husaga zinki kwenye ncha za mabomba hadi chuma chenyewe kionekane, ndipo anachomelea, nje, mgongo kwenye upepo. Mwisho hupaka rangi palipobaki uchi. Kazi imekuwa ndefu. Vichanja vitatu kwa wiki vimekuwa kimoja, na wateja wenye haraka wamehamia kwa Khalidi.

Ijumaa hafungui. Benchi linajaa vilevile, na maziwa yananunuliwa vilevile, ila siku hizi yanaingia kwenye chai.

Mwezi ujao atapuliza tena kipimo. "Nikipata hata sabini na tano, nakwenda Chilangala kwa miguu, nipite pale kwenye gogo bila kukaa."

Wiki iliyopita Khalidi alipita, akaondoka, akarudi. Alisubiri mpaka Fikirini alipoinuka kumhudumia mteja, ndipo akauliza kwa sauti ya chini:

"Mama Mujibu, upepo wa leo unatoka wapi?"

Sikuzani akachota vumbi, akamwekea kiganjani.